Mnada Leo, Ndugu Wapya Watatu

Mtu akikuambia haiku, kile kishairi cha Kijapani cha mistari mitatu, ni ngumu kwa sababu ya kuhesabu, huyo hajajaribu kwa Kiswahili. Mizani, yaani silabi, tano, saba, tano, basi. Lugha yetu imezoea kuhesabiwa tangu enzi za mababu, silabi zake nyingi zinaishia kwenye irabu, na mtoto wa darasa la tano anakupigia hesabu kwa vidole bila kukosea. Hata herufi zinazosimama peke yake zina nafasi yake: Mtwara ni m-twa-ra, mizani tatu, hakuna ubishi. Ugumu uko kwingine kabisa, na mimi nimeufahamu hapa hapa barazani kwangu, Mtwara mjini, kati ya cherehani mbili na pasi ya mkaa.

Mimi ni fundi. Nashona sare za shule, magauni ya vitenge, madera, na kuanzia Shaaban hadi usiku wa Idi sishoni tena, napigana. Pembeni ya mashine kuna daftari la vipimo: kifua, kiuno, nyonga, urefu wa mkono, jina la mteja na pesa aliyotanguliza. Kwenye pambizo za daftari hilo ndimo zilimo haiku zangu. Hakuna sababu ya kisanii. Ndiyo karatasi iliyokuwa karibu.

Haiku zenyewe ziliingia barazani na mteja. Kijana mmoja wa Kijapani, wa kujitolea, aliyekuwa akifundisha hesabu sekondari moja ya huku, alileta kitenge nimshonee shati. Wakati nampima mabega, Mwalimu alikuwa kwenye benchi anasoma kwa sauti ubeti alioutunga kuhusu bei ya nauli. Mwalimu ni mzee mstaafu, alifundisha Kiswahili miaka mingi, na kila siku baada ya Alasiri huja kukaa pale na gazeti lake. Yule kijana akainua mkono uliokuwa huru, akaanza kukunja kidole kimoja kimoja kufuata sauti. Mwalimu alipomaliza, kijana akasema, "Kumi na sita." Mwalimu akaweka gazeti chini. Ndiyo, mizani kumi na sita, nane kwa nane, kila mshororo.

Basi shati likasahaulika. Kijana akatueleza kwamba na wao huhesabu hivyo hivyo, na N yao ya mwisho wa neno husimama peke yake kama M yetu. Neno Nippon, jina la nchi yake, kwao ni vidole vinne: ni, p, po, n. Mwalimu alifurahi kama mtu aliyekutana na ndugu wa ukoo mmoja ugenini.

Kutoka kwake, na baadaye kwa kusoma soma kwenye simu, nikapata historia ya kutosha. Kipande hiki kifupi kilianza kama ubeti wa kufungulia shairi refu lililotungwa na watu kwa kupokezana. Matsuo Bashō, aliyeishi kuanzia 1644 hadi 1694, ndiye aliyekipa heshima ya kusimama chenyewe, na Masaoka Shiki ndiye aliyekipa jina la haiku mwishoni mwa karne ya 19. Yupo pia Kobayashi Issa, wa 1763 hadi 1828, ambaye alitunga maelfu, na humo wamo viroboto, nzi na konokono. Huyo nilimpenda mara moja. Mtu anayeona kiroboto anafaa kutungiwa shairi, huyo angeelewana na watu wa baraza langu.

Halafu kuna ndugu yake haiku anayeitwa senryū, mizani zile zile, ila yeye hana habari na maua wala mvua. Anawatazama watu na vituko vyao. Jina limetokana na Karai Senryū wa karne ya 18, mtu wa mji wa Edo, ambao leo ni Tokyo. Kazi yake ilikuwa kuchagua tungo fupi bora zilizoletwa na watu wa kawaida, na mkusanyiko wa kwanza ulichapishwa mwaka 1765. Wake, waume, wakwe, walevi, wote wamo. Kwa haki, tunayoandika sisi ni senryū. Lakini barazani jina la haiku lishazoeleka, na Mwalimu anasema senryū inamuumiza ulimi.

Sasa ugumu. Nitaueleza kwa mnada wa korosho.

Huku kusini mkulima anapeleka korosho zake kwenye chama cha msingi, AMCOS, zinapimwa, zinakwenda ghala kuu, kisha wanunuzi wanashindana bei mnadani. Utaratibu huu wa stakabadhi ghalani umekuwepo tangu 2007. Kuanzia Oktoba, siku ya mnada ikifika, bei inaruka kwenye simu kabla hata watu hawajanyanyuka kwenye viti. Pesa yenyewe bado, itakuja siku zijazo, benki. Lakini bei ikishajulikana, simu ya mwenye mikorosho haipoi. Na sisi wa huku, ambao ukoo huufuata kwa mama, neno "mjomba" likitamkwa kwa sauti laini asubuhi na mapema, mwenye kuitwa mjomba anajua kabisa kinachofuata. Nina kaka yangu Newala, ana mikorosho yake. Alinisimulia asubuhi yake moja ya msimu, nami nikaandika pembeni ya vipimo vya gauni la mtu:

Mnada leo —
ndugu wapya watatu
kabla ya chai.

Nikamsomea Mwalimu. Akacheka, akajifuta macho, kisha akasema, "Nzuri, mwanangu. Lakini haijaisha." Akachukua kalamu, akaufuta mstari wa mwisho, akaandika wa kwake:

Mnada leo —
ndugu wapya watatu,
pesa fitina.

"Sasa imeisha," akasema. "Ina funzo."

Nilizitazama zote mbili jioni nzima. Mizani ni sawa. Ya Mwalimu haina kosa lolote la kanuni, na kwa shairi la arudhi, la vina na mizani, angekuwa na haki, maana shairi letu limelelewa kuwa na neno la kumwachia msikilizaji. Lakini kicheko kilikuwa kimekufa. "Kabla ya chai" inakuonyesha mtu amekaa kwenye kigoda, kikombe hakijafika mdomoni, simu inaita kwa mara ya tatu. Ukiona hivyo, fitina ya pesa umeshaijua mwenyewe, wala huhitaji kuambiwa. "Pesa fitina" inakunyanyua kwenye kile kigoda na kukupeleka darasani.

Huo ndio ugumu. Methali tunazo, kanga tunazo, vibwagizo tunavyo, na mkono wa Mswahili ukifika mstari wa mwisho unawashwa kuandika wosia. Na kanga nimezikunja pindo nyingi maishani mwangu, nazijua: jina la kanga mara nyingi linamsema mtu. "Hasidi hana sababu" haivaliwi bure. Kuna jirani amelengwa. Ni raha yake hiyo, na sitaki ipotee. Haiku ya utani ina raha nyingine. Inakuonyesha kitu na kunyamaza, atakayejiona humo ajione.

Nilimwambia Mwalimu hivyo kwa adabu, kwa maneno mengi kuliko haya. Akasema, "Basi hizi si tungo, ni picha." Nikamwambia sawa, ni picha. Hatujakubaliana hadi leo na anaendelea kuja.

Ila kwa upande wa ufundi wa maneno, nisingefika popote bila yeye. Kiswahili kina shida moja kwenye mizani tano: vitenzi vyetu ni virefu. "Sijakushonea", neno ambalo mimi nalitamka kila wiki, ni mizani sita. Neno moja tu, na mstari umeshafurika. Mwalimu akanifundisha inkisari, yaani kufupisha kwa ruhusa ya ushairi, na mwenzake mazida, kurefusha. "Ameleta" inakuwa "kaleta". "Inapita" inakuwa "yapita". "Uko juu" inakuwa "u juu". Sheikh Kaluta Amri Abedi, yule aliyekuja kuwa Meya wa kwanza Mwafrika wa Dar es Salaam, aliziandika sheria za kutunga mashairi na zikachapishwa mwaka 1954, na Mwalimu anazo kichwani kama wengine walivyo na Juzuu Amma. Kwa hiyo nikikwama namuuliza yeye. Lakini nimejiwekea mpaka: nikifupisha mpaka mteja wa kawaida asielewe, nabadilisha mstari. Haiku inayohitaji mfasiri haichekeshi.

Kingine nilichojifunza ni mkato. Wajapani wana maneno maalumu ya kukatia, yanayosimamisha pumzi katikati ya shairi, picha mbili zikabaki zinatazamana. Sisi hatuna, tunatumia kistari au kituo, au tunategemea sauti. Usipokata, unapata sentensi moja ndefu iliyovunjwa mara tatu, na ukiisoma kwa sauti barazani utaona hakuna anayegeuka. Hii ni ya binti ninayemfundisha ufundi, ambaye hufuatilia tamthilia ya Kituruki iliyotiwa sauti za Kiswahili, na usiku huo alikuwa amefika pale pale alipokuwa akipangoja kwa wiki nzima:

Kofi la mwisho,
mkono uko juu —
umeme kwisha.

Aliiandika kwa hasira, kesho yake, kwa chaki ya fundi, juu ya meza ya kukatia. Sikuifuta mpaka kitambaa kizito kilipoifuta chenyewe. Angalieni alivyokata: mkono bado uko hewani. Angeandika "umeme ulikatika nisione kofi", angekuwa amelalamika tu, na malalamiko ya umeme kila nyumba inayo ya kutosha.

Mambo ya mastaa na mpira yana mtego wake. Ukitaja jina la mtu maarufu, watu wanacheka kabla hujasema kitu, nawe unadhani umetunga. Isitoshe majina ni ghali. Harmonize, mwanamuziki mzaliwa wa mkoa wetu huu, kwa matamshi ya huku ni ha-mo-na-i-zi: mizani tano kamili, mstari wa kwanza umeisha na hakuna kilichotokea. Diamond Platnumz ndiyo kabisa, anafika mstari wa pili na mizigo yake. Kwa hiyo nilipotaka kumwandika Konde Boy, huyo huyo Harmonize, nikamwacha nje, nikamweka bibi mmoja ambaye mjukuu wake alifungulia wimbo hadi vyombo vinatetemeka kabatini:

Redio juu.
Bibi: "Huyu wa kwetu,
ila punguza."

Kwa mpira ni rahisi zaidi, maana "Simba na Yanga" tayari ni mizani tano, kama vile waanzilishi walikaa wakahesabu. Mtu yeyote hapa nchini anaujua mchezo ule unavyofunga mji: kibanda umiza kimejaa mpaka watu wanachungulia madirishani, bajaji zimeegeshwa hovyo, na ole wako uwe umepanga shughuli siku hiyo. Nilikuwa nimemshonea bi harusi na wapambe wake, kwa hiyo nilialikwa, nikakaa mbele:

Simba na Yanga —
bwana harusi yupo
ila hayupo.

Hii sikuionyesha kwa mtu mpaka fungate lilipopita. Kuna wakati wa kusoma na wakati wa kufunga daftari. Utani kwetu una mipaka inayojulikana, nani amtanie nani na wapi, na haiku haijapewa kibali maalumu.

Daftari lenyewe, hata hivyo, halina kufuli, na wateja wanapekua wakitafuta vipimo vyao. Mmoja akajikuta. Ilikuwa hivi: Wajapani wana maneno ya majira, na haiku ya kawaida huwa na neno moja linalokuambia ni wakati gani wa mwaka. Mwezi, huu wa angani, kwao ni alama ya majira ya majani kupukutika, na washairi wao wameutazama kwa karne nyingi kwa utulivu mkubwa. Kwa fundi wa Mtwara mwezi hauna utulivu wowote. Mwezi ni Idi, ni taa ya chemli ikiwaka ukumbini, ni sindano kukatika saa tano usiku.

Mwezi u juu —
mteja na kitenge
abisha hodi.

Alisoma akiwa amesimama, akanitazama, akasoma tena. "Dada, huyu si mimi?" Nikakaa kimya. Akasema, "Basi nipunguzie bei, maana nimekuwa shairi." Nikampunguzia. Nadhani ndiyo malipo pekee ambayo fasihi imewahi kuhusika nayo pale kwangu, na yalikwenda upande usio wangu.

Hilo la majira limenipa kazi nzuri ya kufikiri. Hatuna theluji wala maua ya mcheri, lakini mwaka wetu una harufu zake. Mkulima anapuliza salfa mikorosho yake kuikinga na ugonjwa wa ubwiriunga, na upepo wa kusi unaleta vumbi la njano mpaka kwenye nguo alizoanika jirani. Baadaye mabibo, matunda yenyewe ya mkorosho, yanaanguka, na baada ya mabibo ni uraka, pombe yake, na baada ya uraka ni kesi kwa mwenyekiti wa mtaa. Maembe. Kaskazi. Ming'oko ya kuchemsha inayouzwa barabarani, unamenya huku unatembea. Ukitaja kimoja tu kati ya hivyo, mtu wa Mtwara au Lindi ameshajua mwezi, hali ya hewa na kiasi cha pesa mfukoni. Hiyo ni mizani mitatu au minne inayofanya kazi ya aya nzima. Washairi wa Kijapani wana vitabu vya kuorodhesha maneno hayo. Sisi tunayo midomoni.

Nilikwenda Lindi kumwona shangazi, nikarudi na moja ambayo imeleta ubishi kuliko zote. Watoto wa shangazi walikuwa wanazungumzia mjusi. Kila mtu wa Lindi anamjua: mifupa ya mijusi wakubwa wa kale, dinosaria, iliyochimbwa na Wajerumani kilima cha Tendaguru kati ya 1909 na 1913, ikabebwa na wapagazi kwa miguu mpaka bandari ya Lindi, zaidi ya tani 200. Mmoja wao amesimamishwa kwenye jumba la makumbusho Berlin, ana urefu wa zaidi ya mita 13 kwenda juu. Mdogo wa mwisho pale nyumbani, ambaye kaka yake alikuwa anahangaikia karatasi za kwenda kusoma nje, akauliza mjusi alipitaje uwanja wa ndege. Mimi nimeongeza mizani tu:

Mjusi wetu
yuko Ujerumani
bila ya viza.

Mwalimu hakucheka. Akasema jambo hili ni zito, halifai mzaha, na mstari wa mwisho ungesema arudishwe. Kijana wa bodaboda aliyekuwa akingojea suruali yake akasema, "Mwalimu, si ndiyo inachosema?" Wakabishana hadi Magharibi. Mimi naona kijana alikuwa sahihi, ila suruali yake ilikuwa haijawa tayari, kwa hiyo nilinyamaza ubishi uendelee.

Kijana huyo sasa ndiye mwenye vipaji kutuzidi wote, kwa sababu anazunguka. Mimi naona wanaokuja barazani. Yeye anaona Shangani, Magomeni, Chuno, Mikindani, foleni ya kivuko cha Msangamkuu. Haiku yake ya kwanza aliisema akiwa bado juu ya pikipiki, kofia ngumu kichwani:

Bajaji moja,
watu sita na mbuzi —
mbuzi kakaa.

Hakuna aliyemfundisha pa kukatia. Nimeitazama sana ile "mbuzi kakaa". Hasemi watu walikuwaje, nani kaning'inia, nani kapakata nani. Kampa mbuzi kiti, mengine unayapanga mwenyewe kichwani.

Juzi kaja na nyingine. Alikuwa amempeleka mteja upande wa Mikindani, akamwona mkwezi mmoja amevaa jezi ya mtumba:

Jezi ya Mbappe
inapanda mnazi
kwa buku mbili.

Tulicheka, halafu Mwalimu akainua kidole. Mstari wa kwanza, akasema, una mashaka. Mbuzi ni mbu-zi, mizani mbili, kwa hiyo Mbappe ni mba-pe, na mstari ni tano. Lakini mbu ni m-bu, na hilo ni jina la kigeni, na kama M inasimama peke yake basi mstari ni sita. Binti akasema mtangazaji wa kibanda umiza anaita "Embape", kwa hiyo ni saba. Mwalimu akashauri tuandike Messi, je-zi-ya-me-si, tano, mambo yameisha.

"Aliyepanda alivaa ya Mbappe, Mwalimu," akasema kijana.

"Nani atajua?"

"Mkwezi."

Mwalimu akaanza kuhesabu upya, safari hii kwa sauti, akigonga benchi. Alipofika kwenye M, abiria wa Naliendele akapiga mluzi toka ng'ambo ya barabara, na kijana akaondoka na kalamu yangu.